Daftari Kando ya Kompyuta



Tulipohamia Elburgon tukitoka Mombasa, jambo la kwanza tulilojifunza lilikuwa baridi. La pili, kuuheshimu umeme. Katika mji huu wa mbao, mvua na radi za alasiri si haba, na taa hufifia bila kuaga.

Kijana wetu aliiunda kompyuta mwenyewe, kwa vipande vya mtumba alivyovinunua kimoja kimoja kutokana na vibarua vya likizo. Punde si punde nyumba nzima tukaitegemea: hesabu za duka zilikuwa humo, na tasnifu ya binti yetu aliye chuo kikuu ilikuwa humo.

Kisha ikaanza kuzimika. Ilizimika ghafla, kama koroboi iliyopulizwa, bila onyo wala ujumbe. Ijumaa moja asubuhi ilizimika na kurasa sita za binti yetu ambazo hakuwa amezihifadhi. Alilia sana. Nasi, bila kuuliza, tukamgeukia kijana: ni michezo yako ya usiku iliyoiharibu. Tukamkataza kuigusa mwezi mzima. Hakujibu, aliinamisha kichwa tu.

Wiki mbili zikapita asiiguse, na mashine ikaendelea kuzimika. Hapo tukaanza kuona haya. Tukamwita atusaidie, naye akaweka daftari mezani: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, na chombo kingine kilichokuwa kimewashwa. Kwanza alilishuku joto, kwa kuwa kompyuta ikichemka hujizima ili ijilinde. Akapangusa vumbi lote kwenye feni. Ikazimika vilevile, tena asubuhi ya baridi, dakika chache tu baada ya kuwashwa. Akachomoa kadi za kumbukumbu na kuzirudisha, ikazimika.

Baada ya siku kumi, daftari likasema. Mara tano kati ya saba liliandikwa neno moja: pasi. Mara mbili zilizobaki, taa zilikuwa zimefifia.

Umeme wa ukutani ni volti 240. Pawasaplai huugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3, ambazo ndizo chakula cha kompyuta. Ndani yake mna kapasita, mfano wa mtungi wa maji: umeme ukiyumba kwa sehemu ndogo ya sekunde, akiba ya mtungini huliziba pengo. Pawasaplai yetu ilikuwa kuukuu, mtungi wake umechoka. Nasi, wenye kunyoosha kanzu kila Ijumaa, tulichomeka pasi inayokula zaidi ya wati 1,000 katika ekstensheni ileile. Kila pasi ilipowaka upya kutafuta moto wake, kompyuta ilikosa pumzi. Tulipoichomoa plagi, tuliliona tundu la ekstensheni limebabuka. Haikuwa kompyuta tu iliyokuwa hatarini. Tungeweza kuunguza nyumba na waliolala ndani.

Fundi akapima waya wa volti 12, ambao haupaswi kushuka chini ya 11.4, ulisoma 11.1 mashine ikiwa kazini. Tukanunua pawasaplai mpya. Ile ya zamani hatukuruhusu ifunguliwe nyumbani, kwani kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Ekstensheni tuliitupa, na pasi ikapewa soketi yake ukutani.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Baada ya Isha tulimketisha kijana mbele ya dada yake, kwa kuwa mbele yake ndipo tulipomshutumu, tukamwambia: “Tumekudhulumu, mwanetu. Tusamehe.”

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Yamekwisha.” Akauliza kama daftari liendelee.

Liendelee, tulimwambia. Lingali pale mezani hadi leo, na kitu kikiharibika nyumbani mwetu, huandikwa kwanza kabla mtu hajatajwa jina.