Mbiru Haina Tamthilia

Nilimaliza sekondari nikiijua Maji Maji kama vile nilikuwepo. Tulisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tukaiigiza, mimi nikapewa uaskari. Lakini mbiru, iliyotokea wilayani kwangu mwenyewe, hakuna mwalimu aliyeitaja. Na kwetu ni Bendera, kule tambarare chini ya milima ya Upare, ukishapita Ndungu na Kihurio.

Nilikuja kuikuta ukubwani, kwenye kijitabu cha Isaria Kimambo cha mwaka 1971. Kimambo ni mwanahistoria, tena Mpare. Kisa chenyewe ni hiki. Kila mwanaume alikuwa akilipa kodi ya kichwa, kiwango kimoja kwa wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 baraza la machifu wa Upare, serikali ya Waingereza ikiwa nyuma yake, likaongeza kodi nyingine ya kukadiria mali ya mtu. Ikaitwa mbiru. Sasa jamani, nani ahesabu migomba yako na mbuzi wako kwa haki, bila kuangalia wewe ni ndugu wa nani?

Januari 1945 wanaume kwa maelfu wakashuka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Yaani wakakaa kweli, kwa miezi. Hawakuchoma boma. Kodi ya kichwa walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni mbiru. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paulo Mashambo, jina ambalo lingestahili walau ukurasa mmoja kwenye vitabu vya shule.

Nadhani hapo ndipo fasihi yetu ilipopitiwa. Tunapenda uasi wenye damu. Hata wa mbali tunausimulia vizuri: Wapueblo wa New Mexico mwaka 1680, walivyopelekeana kamba zenye mafundo ya kuhesabia siku, wakawatimua Wahispania kwa miaka 12. Ni kisa kizuri, sibishi. Ila mtu anayekaa chini mbele ya ofisi na kugoma kuondoka, huyo mwandishi anamwona hana tukio.

Basi asome habari za wanawake. Wanaume wako Same, mashamba na watoto nani anaangalia? Wanawake wa Usangi, ambayo leo iko wilaya ya Mwanga, wakatembea kama kilomita 40 hadi kwa DC. Wakamwambia: ama umalize shauri hili waume zetu warudi, ama utupe mimba wewe mwenyewe, sote. Siku chache baadaye DC akapanda Usangi, akapokewa kwa mawe.

Mbiru ilifutwa. Majina ya wale wanawake sijayaona popote.

Mimi si mtunzi wa tamthilia, nasoma tu na kubishana na vitabu. Lakini onyesho moja linanijia kila mara. DC ni Mwingereza, wale mama ni Wapare wa milimani. Katikati namweka mkalimani, kijana, labda ni mtoto wa dada wa mmoja wao. Mama wa mbele amemaliza kusema. Ofisi nzima imenyamaza, DC anasubiri, na kijana wa watu anatafuta maneno ya kuanzia.