Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na aghalabu nimeitumia kuwacheka watu wenye pupa ya vitu vipya. Maana yake kamili niliipata nikiwa mtu mzima mwenye mvi, siku niliposhika kidole gumba cha mpwa wangu na kukuta lengelenge limepasuka.

Mimi ni fundi seremala hapa mjini Morogoro. Karakana yangu iko Mji Mpya, na mlango wake unaitazama milima ya Uluguru, ambayo asubuhi nyingi hujifunika ukungu. Asili yetu ni Kinole, upande wa mashariki wa milima hiyo. Sisi Waluguru ukoo wetu hufuata mama, na kwa hiyo mtoto wa dada yangu ni wangu kwa namna ambayo jirani wa kabila jingine huenda asiielewe upesi. Akipotoka, mimi ndiye niulizwaye.

Kijana huyo alipomaliza kidato cha nne, dada alimleta kwangu ajifunze kazi. Kwa muda wa miezi minne alipiga msasa milango na vitanda bila kunung'unika, akiweka akiba ya posho niliyompa. Nilifurahi, nikidhani ananunua vifaa vya ufundi. Kumbe alikuwa akinunua pedi.

Kwa msomaji asiyeijua, pedi ni kile kifaa cha kushika kwa mikono miwili ambacho vijana hukitumia kuchezea michezo ya runinga. Upande wa kushoto kuna mishale minne ya kumwendesha mchezaji mbele, nyuma, juu na chini. Upande wa kulia kuna vitufe vinne vya ngumi na mateke. Katika kibanda cha gemu cha mtaani kwetu wengi hucheza mpira, lakini mpwa wangu na wenzake wameupenda mchezo wa kupigana uitwao Tekken, uliotungwa Japani na kampuni ya Namco na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Vijana hao walikuwa wamepanga mashindano yao ya watu kumi na sita, na yeye, aliyesifika mtaa mzima, alitaka kuingia na pedi yake mwenyewe, mpya, isiyoguswa na mikono ya wengine.

Aliinunua Ijumaa, akashindana Jumamosi, na akatolewa katika pambano la kwanza kabisa.

Jumatatu hakuja kazini. Jioni dada yangu alinijia amejitanda khanga, akasema, "Kaka, mtoto hali wala hasemi. Hicho kidude kakichukue wewe, mimi simwezi." Nami, badala ya kukaa na kijana na kumwuliza, nilikwenda nikamkuta barazani pamoja na wenzake, na mbele yao wote nikamwambia kwamba fedha ya jasho ameitupa kwenye plastiki, na hata hiyo plastiki imemshinda. Wenzake waliinama. Yeye alinikabidhi pedi kwa mikono miwili, kama ipasavyo kumpa mkubwa kitu, akaingia ndani.

Siku mbili zilipita bila kumwona. Nasema kweli, ndugu msomaji, siku hizo karakana ilikuwa pana mno.

Usiku wa pili niliitoa ile pedi nikaikagua kama nikaguavyo kifaa chochote. Nilibonyeza mishale nikaiona migumu. Ilikataa kushuka mpaka nikaze kidole, na kingo zake zilikuwa kali. Vile vijiti viwili vya katikati vilirudi kwa nguvu kila nilipovisukuma. Nikakumbuka mpini.

Mwaka 1974, nikiwa na miaka 12, mjomba wangu kule Kinole alinichongea mpini mpya wa jembe. Miteremko ya kwetu ni mikali, haipandwi na trekta wala plau. Jembe la mkono ndilo mtaji wa mtu. Nililibeba jembe langu shambani kwa maringo, nikalima mbio mbio ili watu wazima wanione, na kabla ya jua la mchana viganja vyote viwili vilikuwa vimejaa malengelenge. Nilikaa chini ya mgomba nikalia. Mjomba hakunicheka. Alichukua kipande cha chupa akaukwangua mpini pale uliponiuma, akaupaka mafuta ya nazi, kisha akaniambia kwamba asubuhi nilime na jembe la zamani, na hili jipya nilishike saa ya mwisho tu ya kazi, kila siku. Mpini, alisema, hauzoei shamba. Unazoea mkono, na mkono nao unauzoea mpini. Kufikia palizi ya pili nilikuwa nimelisahau jembe la zamani.

Yule mzee alifanya hayo mbele ya shamba zima la watu, na hakuna aliyejua kwamba nililia. Nami nilikuwa nimefanya nini?

Kesho yake nilikwenda kwa dada. Kijana alitoka, akasema, "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia, "Marahaba." Nikamwambia kwamba nimekosa, kwamba neno la kumrudi mtu husemwa chumbani, nami nililisema barazani. Hakujibu. Nikamwomba anionyeshe mkono wake wa kushoto, ndipo nikaliona lile lengelenge nililolitaja. Nikamrudishia pedi yake, nikamwambia, "Sasa nifundishe. Jumamosi ilikuwaje?"

Alinieleza, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa moto. Runinga huonyesha picha 60 kwa kila sekunde moja, na mchezo huo huhesabu kila picha. Kuna pigo moja analolitegemea: mshale wa mbele, kuachia, mshale wa chini, kisha chini na mbele kwa pamoja, na kitufe cha ngumi kibonyezwe katika picha ileile ambayo kidole kinafika hapo mwisho. Ukichelewa kwa picha moja, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde, hutoka pigo jingine dhaifu, na mpinzani hukuadhibu. Tena mkibadilishana pande, yote hugeuka, na mbele huwa nyuma. Kwa pedi kuukuu ya kibandani alilitoa pigo hilo kama mtu apigaye chafya. Kwa pedi mpya kidole kiliteleza, au kilikwama, au kilifika kimechelewa; na alipozidi kuogopa alizidi kubonyeza kwa nguvu, mpaka ngozi ikapasuka.

Tuliichunguza pamoja, yeye mchezaji na mimi fundi. Akaniambia kwamba chini ya kila kitufe kuna kijikofia cha mpira, ambacho kikishindiliwa hugusisha umeme. Mpira mpya hukaza, na hulainika kwa kubonyezwa maelfu ya mara. Nilitaka kuupaka mafuta kama mpini, akanizuia: mafuta huharibu mpira. Nilitaka kupiga msasa zile kingo, akanizuia tena. Nikakubali kwamba hapa kulainisha ni kazi ya kidole chenyewe na siku.

Basi tukaiga kanuni ya mzee wa Kinole. Wiki ya kwanza alipumzisha kidole mpaka kikapona. Baada ya hapo alifanya mazoezi yake kwa pedi kuukuu ya mwenye kibanda, na nusu saa ya mwisho tu alishika ile mpya. Katika nusu saa hiyo hakupambana na mtu. Alirudia pigo moja polepole, mara kumi upande wa kulia na mara kumi upande wa kushoto, na hakuruhusiwa kuongeza kasi mpaka kumi zote zitoke sawa. Kidole kikianza kuuma, aliacha. Alipokuwa akicheza alikaza vidole kana kwamba ameshika nyundo. Nikamwambia kwamba hata msumeno haukamatwi hivyo, mkono ukikakamaa hauna mwendo. Jambo hilo aliliona lina maana.

Jumapili moja nilikaa naye kibandani nikiwa mzee peke yangu. Huko ndiko alikonisimulia habari za Mfaransa mmoja, Olivier Hay, ajulikanaye kwa jina la Luffy. Michezo hii ilianzia kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, zenye fimbo na vitufe vikubwa, na mabingwa wengi walizoea kushindana kwa sanduku lenye fimbo ya namna hiyo. Lakini mwaka 2014, huko Las Vegas nchini Marekani, katika mashindano makuu yaitwayo Evo, Luffy alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV akiwa ameshika pedi ya PlayStation ya mwanzo kabisa, mashine iliyotoka Japani mwaka 1994. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu aina hiyo itoke, na maduka yalikuwa yamejaa vipya. Nilimwuliza kijana kwa nini basi naye asibaki na pedi kuukuu. Akafikiri, akajibu, "Mjomba, ile ya kibandani si yangu. Ikifa, nitaanza upya siku hiyo hiyo. Afadhali nianze mapema." Jibu hilo lilinipendeza kuliko ningependa aone.

Wazazi wenzangu na walezi, siwaambii kwamba gemu ni kazi. Saa tuliziweka, na msasa uliendelea kama kawaida. Lakini kitu ambacho mtoto amekitolea jasho la miezi minne kinastahili tukiulize kabla ya kukihukumu. Na kijana anayeshindwa mbele ya watu amekwisha kupata adhabu yake. Hana haja ya kuongezewa na mjomba. Kwa vijana nina neno moja: usiende na kifaa kipya kwenye siku kubwa. Kama ni kiatu, kama ni kalamu ya mtihani, kama ni pedi, kizoee kwanza siku ambazo kushindwa hakuna gharama.

Wiki sita baada ya yale mashindano ya kwanza yalifanyika mengine. Alishinda mapambano mawili, akashindwa la tatu na kijana mmoja wa Kihonda aliyemzidi ujuzi. Lile pigo lake lilitoka kila alipoliita. Alirudi nyumbani, akala, akamsimulia mama yake pambano zima kwa mikono, mpaka chai ikamwagika.

Jumatatu alifika karakana kabla yangu. Nilimkuta ameshika randa mpya niliyoinunua mwezi uliopita, ambayo sikuwa nimeithubutu kuitumia kwa sababu ulimi wake ulikuwa bado unaruka. Juu ya meza palikuwa na ubao wa mninga wa mteja, na sakafuni mabaki ya mbao.

"Shikamoo, mjomba. Hii niianzie kwenye mninga, au kwanza kwenye mabaki?"

Nikamwambia aianzie kwenye mabaki, nusu saa, tena polepole.