Polisi wa Runinga Walinidanganya Kuhusu Baba

Je, mpenzi msomaji, umewahi kumwonea haya mzazi wako kwa sababu ya kazi yake? Usiharakishe kujibu. Mimi niliwahi, na aliyenitia kishawishi ni ile runinga ya sebuleni kwetu, ambayo mama aliifunika kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi.

Baba alikuwa polisi, na alistaafu akiwa sajini. Miaka ya tisini, nilipokuwa shule ya msingi hapa Nairobi, tulizoea kutazama tamthilia za polisi za kutoka ng'ambo. Humo mpelelezi huvaa koti zuri, huongea kwa sauti nzito, na kabla ya saa moja kwisha mkora amekwisha kutiwa pingu. Baba naye alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku, buti zimejaa matope, macho mekundu.

"Baba, jana mlimshika nani?" nilimwuliza.

"Hatukumshika mtu. Tuliandika taarifa."

Taarifa! Ningewaambia nini wenzangu darasani? Basi nikatunga uongo. Nikasema baba yangu ni mpelelezi mkuu, ana koti refu na gari jeusi. Siku ya wazazi ilipofika, mzee akaja kwa miguu, sare imechujuka, kofia kwapani. Mimi huyo, nikajificha nyuma ya madarasa hadi alipoondoka. Hakuniuliza kitu jioni ile, nami sikusema neno.

Miaka ikapita. Mwaka 2009, nikisomea uandishi wa habari, binamu yangu alileta nyumbani DVD ya kipindi cha Marekani kiitwacho Police Squad!. Nikadhani ni yale yale ya zamani. Muziki ulikuwa wa kishindo, taa za gari la polisi zikimetameta, na mtangazaji akiunguruma. Kumbe ni mzaha mtupu!

Hebu nikueleze, msomaji. Kipindi hiki kilitungwa na Jim Abrahams pamoja na ndugu wawili, David na Jerry Zucker, kikaonyeshwa na kituo cha ABC mwaka 1982. Waliyemlenga hasa ni M Squad, tamthilia ya polisi wa Chicago iliyoonyeshwa kati ya 1957 na 1960, Lee Marvin akiwa nyota wake. Walichukua kila mazoea ya tamthilia kama hizo wakayasukuma mbele kidogo tu, hadi yakaanguka yenyewe.

Kwa mfano, tamthilia za zamani zilipenda kualika mwigizaji mashuhuri. Hapa anatangazwa kwa mbwembwe, kisha anauawa papo hapo kabla hajasema lolote. Katika tamthilia za zamani, mpelelezi alikuwa na mtu wa mtaani wa kumpa fununu. Hapa ni mpiga viatu rangi aitwaye Johnny, ambaye ukimpa noti anajua kila kitu, hata daktari wa upasuaji huja kumwomba ushauri. Na zile za zamani zilimalizika kwa picha kuganda huku wapelelezi wakicheka. Hapa picha haigandi. Waigizaji wenyewe ndio wanaosimama tuli kama sanamu, huku kahawa ikiendelea kumiminika hadi kikombe kinafurika!

Mhusika mkuu, Frank Drebin, aliigizwa na Leslie Nielsen, Mkanada aliyezaliwa 1926 na kufariki 2010. Kwa miaka mingi Nielsen aliigiza watu wazito, hadi filamu ya Airplane! ya 1980 ilipomgeuzia njia. Siri yake ni kwamba hakucheka hata kidogo. Alisema upuuzi kwa uso wa hakimu. Usione vyaelea, vimeundwa. Na jambo hili lilinigusa zaidi nilipolijua: baba yake mzazi Nielsen alikuwa polisi wa kikosi cha kitaifa cha Kanada.

Tulikuwa tukitazama na binamu yangu wakati mzee alipoingia akaketi. Nikaogopa. Nilidhani atakasirika kuona polisi wakifanyiwa dhihaka. Mara Frank Drebin akajitambulisha kuwa ni sajini, na kwa pumzi ile ile akasema ni luteni. Baba akaangua kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia nyumbani kwetu.

"Amejipandisha cheo mwenyewe!" akasema, akipangusa machozi. Na Johnny alipochukua noti yake, mzee akapiga goti. "Ningalikuwa na mtu kama huyu, ningalistaafu nikiwa kamishna!"

Basi hapo nikafumbuka macho, msomaji. Baba hakuwa akiwacheka polisi. Aliwacheka wale bandia wa runinga, waliokuwa wamemnyang'anya heshima mbele ya mwanawe kwa miaka mingi bila yeye kuwa na pa kujitetea.

Kipindi kilipokwisha nikamwuliza, kwa mara ya kwanza kwa dhati, kazi yake ilikuwaje. Akanisimulia habari za mtoto mdogo aliyepatikana stendi ya mabasi usiku wa mvua. Kwa siku tatu alimbeba mlango hadi mlango mitaani, akiuliza kama yupo anayemjua, mpaka mama yake akapatikana. Hakuna risasi iliyolia wala aliyetiwa pingu. "Halafu nikaandika taarifa," akamaliza.

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza bila kunitazama, "Siku ile ya wazazi nilikuona nyuma ya madarasa."

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nikamwomba radhi. Akasema ilikwisha zamani, niweke kipindi kingine.

Ole wetu, vipindi vyenyewe vilikuwa 6 tu. ABC ilikikatiza mapema, na mkuu mmoja wa kituo hicho akaeleza kwamba kilihitaji mtazamaji akitazame ili akifurahie. Ajabu kubwa! Lakini alikuwa amegusa kweli fulani. Hakikuwa na kicheko cha kubandikwa cha kukuonyesha pa kucheka, na mizaha mingine ilipita nyuma ya waigizaji. Ukiinama kuokota kijiko umeikosa. Watungaji hawakukata tamaa, wakamhamishia Drebin kwenye filamu ya The Naked Gun ya 1988, iliyofuatwa na nyingine mwaka 1991 na 1994. Mwaka 2025 ikatoka mpya, Liam Neeson akiigiza mwana wa Drebin.

Nawe mzazi, ukiketi na wanao mbele ya runinga au simu, usiwaachie kila kitu kiwapite hivi hivi. Tazameni pamoja na mcheke pamoja, kisha uwaambie kazi yako ilivyo hasa, pamoja na matope yake. Nawe mwanafunzi unayemwonea haya mzee wako kwa kuwa hafanani na wale wa kwenye skrini, mwulize leo, angali yupo. Mimi nilichelewa miaka kumi, na nilikaribia kukosa kabisa.