Mwezi Mmoja kwa Wakwe, Songea

Basi lilipoiacha baridi ya Njombe na kuanza kuteremka kuelekea Songea, mume wangu alianza kuzungumza Kingoni na mzee wa kiti cha jirani. Watoto wakatazamana. Hawakuwahi kumsikia baba yao akisema lugha hiyo kwa furaha kiasi kile. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na watoto wamekulia Dar es Salaam. Kwa miaka 14 ya ndoa, kwa wakwe tulikuwa tukipeleka salamu na fedha tu. Safari hii tulikwenda kukaa likizo nzima ya Desemba, katika kijiji kimoja upande wa Peramiho.

Kosa la kwanza nililitenda mimi. Jioni ile nilimpelekea baba mkwe chakula nikiwa nimesimama, nikamkaribisha kwa sauti kama nifanyavyo nyumbani. Watu wakanyamaza. Wifi yangu alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Wifi, hapa kwetu mkamwana hupiga magoti." Nilirudi, nikapiga magoti huku uso ukiniwaka. Nilijisemea moyoni kwamba mwezi mmoja si kitu.

Binti yetu wa miaka 12 hakuona hivyo. Siku ya tatu bibi yake alimwambia apige magoti kumsalimia babu, naye akakataa. "Mbona kaka hapigi?" aliuliza, akatoka nje akilia. Usiku ule mimi na mume wangu tulilala bila kusemezana vizuri. Yeye aliona nimemlea mtoto bila adabu. Mimi niliona ananidai mafunzo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyataja kwa miaka yote hiyo.

Asubuhi mama mkwe alinichukua shambani kupalilia mahindi. Hakunigombeza. Tulipopumzika aliniambia, "Mwanangu, mama yangu mzazi alikuwa Mndendeule. Naye aliingia nyumba hizi akiwa mgeni."

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo shuleni nilikariri tu. Wangoni ni ndugu wa mbali wa Wazulu, Waswazi na Waxhosa. Walitoka Afrika Kusini nyakati za vita vya Shaka, wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 na kufika hadi Ufipa. Alipofariki waligawanyika, na waliokuja Songea wakaanzisha tawala mbili, Njelu na Mshope. Walikuja kwa mikuki na ngao. Waliwashinda wenyeji, wakachukua mateka, wakaoa wanawake wa makabila waliyoyakuta. Watoto waliozaliwa walijifunza kusema kutoka kwa mama zao. Leo Kingoni cha Songea kinafanana zaidi na lugha za majirani kuliko Kizulu.

"Wanaume walileta mikuki," alisema mama mkwe, "lakini lugha ilitoka jikoni."

Jumamosi tulikwenda mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Hapo ndipo walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja tu, Nkomanile, kiongozi aliyeshiriki kuieneza Majimaji Ungoni. Binti yangu alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Bibi, huyu naye alipiga magoti?"

Bibi alifikiri. "Kwa wazazi wake, nadhani alipiga. Kwa Wajerumani hakupiga."

Jioni hiyo mume wangu alizungumza na baba yake. Mzee alisema hata mvulana ana adabu yake, ila sisi hatukumfundisha. Tangu siku hiyo kijana wetu alichuchumaa kusalimu wakubwa, na ndiye aliyewanawisha wageni mikono. Binti alipoona kaka yake naye ana zamu, hasira zilipungua. Hakupenda kupiga magoti, na sikumlazimisha apende. Siku ya kuondoka aliinama nusu tu, na babu yake akampokea kwa mikono miwili huku akicheka.

Mengine yalikuja yenyewe. Mvua ziliponyesha, kumbikumbi walitoka ardhini, wakakaangwa. Mwanangu alikula bakuli zima kabla sijathubutu kuonja mmoja. Nami nilipika wali wa nazi kwa nazi nilizotoka nazo Dar. Baba mkwe alikula kwa heshima, mama mkwe aliongeza mara mbili.

Akina mama wenzangu, tusingoje kufundishwa na aibu. Kabla ya safari muulize mzee wako: wakubwa husalimiwaje kwenu? Nani hula na nani? Jambo gani halisemwi mbele ya wakwe? Waeleze watoto mapema, wa kike na wa kiume. Wala usiogope kwamba utapoteza vya kwenu. Mama mkwe amekwisha kuniagiza nazi za Desemba ijayo.