Sanduku Lenye Kufuli Nne

Mwaka 1523 Wakristo wa Leisnig, mji wa Ujerumani, waliweka sanduku la pamoja la kutunza mchungaji, shule, maskini, yatima na wazee. Martin Luther mwenyewe aliuandikia utaratibu huo dibaji. Sanduku lilikuwa na kufuli nne: ufunguo mmoja kwa makabaila, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa wenyeji wa mji, na mmoja kwa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Sisi Walutheri wa Tanzania tuna sababu ya kulikumbuka sanduku hilo tangu Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nia ya sheria ni njema: mtu asiuze shamba ili atibiwe. Ugumu upo kwenye mfuko. Mfuko wa bima husimama pale wazima wanapochangia pamoja na wagonjwa. Toto Afya Kadi ilitufundisha hilo. Kwa shilingi 50,400 mtoto alitibiwa mwaka mzima, lakini wazazi wengi waliandikisha mtoto mgonjwa tu, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Tusiwahukumu wazazi hao. Mwenye elfu hamsini na watoto wanne humkatia kadi yule anayeumwa.

Hata hivyo, tuangalie sharika zetu. Mtu akifa, kamati hukaa jioni ileile na daftari hujaa: jeneza, turubai, chakula, usafiri. Marehemu huyo huenda miezi mitatu nyuma alirudi nyumbani bila kupimwa kwa kukosa fedha. Sisi wachungaji tunazika watu ambao rambirambi zao zingetosha kuwatibu.

Paulo, katika sura moja ya Wagalatia, anatuagiza kubebeana mizigo, kisha anasema kila mtu ana furushi lake. Maneno hayo hayapingani. Anayeweza kulipa alipe, hata akiwa mzima, asiyeweza abebwe. Msamaria naye hakuishia kufunga vidonda. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi. Ahadi hiyo itimizwe leo pia, kwa maana malipo ya bima yakichelewa, hospitali zetu za kanisa hukosa dawa, na mwenye kadi huandikiwa akanunue mtaani.

Basi kila usharika uanze na jambo moja: daftari la walio hai. Tuwaandike wajane, wazee na wasio na ajira, tuwalipie bima kabla hawajaugua. Na kwa kuwa fedha ni yetu sote, tudai hesabu zake kwa upole na bila woga. Ufunguo wa wakulima nao ulikuwa ufunguo kamili.

Mungu atupe mioyo ya kutoa mapema.