M'goi na Do Je

Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, kina maneno mawili pale ambapo Kiswahili huridhika na asante. Anayekupisha njiani, anayekumiminia chai, anayekuelekeza kituo cha treni, huyo huambiwa m'goi. Anayekupa zawadi, au anayekulipia chakula, huambiwa do je. La kwanza ni la huduma, la pili ni la kipawa. Ukiyachanganya utaeleweka, ila utajulikana kuwa mgeni. Maana ya m'goi, neno kwa neno, ni "haikupasa", yaani haikupasa nikusumbue. Ndiyo maana neno hilohilo hutumika kuombea jambo kabla halijatendwa. Asante yetu imepita njia nyingine kabisa. Imetokana na Kiarabu, ahsanta, "umefanya vyema", na kwa hiyo anayeitamka huwa ametoa hukumu juu ya tendo. Mkantoni hujilaumu kidogo. Mswahili humsifu mwenzake.

Kwa mwaka mmoja na nusu, tangu katikati ya 2018 hadi Januari 2020, nilifundisha Kiswahili bila malipo katika mji huo, na tangu nirudi Dar es Salaam nimekuwa nikipima ni lipi kati ya maneno hayo ninalodaiwa, na ninadaiwa na nani.

Darasa letu lilikuwa chumba kimoja juu ya ofisi ya wakala wa mizigo, karibu na Xiaobei, katika wilaya ya Yuexiu, mahali ambapo kwa miaka mingi wafanyabiashara wa Kiafrika wamekuwa wakipanga vyumba, wakila na kuagiza bidhaa. Tulikutana Jumapili jioni. Majira ya kuchipua na ya vuli, yalipofika Maonyesho ya Canton ambayo yamekuwa yakifanyika tangu 1957, darasa lilifungwa lenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi hata ya kula. Wanafunzi walikuwa wauzaji wa nguo, makarani wa ghala, na binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kupima ujazo wa mizigo kabla haijapakiwa kwenye makontena ya kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Hawakuja kutafuta fasihi. Walitaka kujua kwa nini mteja wa Kariakoo akisema saa nne huonekana saa kumi kwa saa zao, na nani kati yao wawili ana kichaa. Somo la saa lilikula wiki tatu.

Baada ya hapo mambo yalienda kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nimejiandaa kutetea ngeli, kama tunavyozitetea mbele ya wanafunzi wa Ulaya, kwa kuomba radhi nusu. Hapakuhitajika utetezi. Kichina hakihesabu kitu bila kwanza kukitaja ni cha aina gani: vitabu vina neno lake la kuhesabia, meza na karatasi zina lake, wanyama lao. Kwamba vitu vya dunia vimepangwa katika makundi, na kwamba sarufi ndiyo mwenye daftari la makundi hayo, lilikuwa kwao jambo la kawaida. Nilipoandika ubaoni mpunga, mchele, wali, yule binti wa mizigo aliandika pembeni herufi tatu za kwao, moja kwa kila neno: ulio shambani, uliokobolewa, uliopikwa. Nimewahi kumweleza Mwingereza tofauti hiyo kwa nusu saa. Pale ilichukua muda wa kuandika herufi tatu.

Na sauti je? Kikantoni kina m inayosimama peke yake kama silabi, kama ile ya mtu na mti, na kina ng' mwanzoni mwa neno. Wanafunzi wazaliwa wa Guangzhou walitamka ng'ombe kana kwamba wamekulia Usukumani, huku wenzao waliotoka mikoa mingine, wenye Kichina sanifu tu, wakihangaika nayo. Ilikuwa furaha kubwa kwa wenyeji, ambao lugha yao ya nyumbani hudharauliwa shuleni, kuona safari hii ndiyo inayowafikisha mbele. R ilitushinda sote. Nilikuwa lafiki hadi siku ya mwisho.

Nililala katika nyumba ya familia moja. Kwa Mchina kumpangisha mgeni si jambo la kufungua mlango tu: sheria inataka mgeni anayelala nje ya hoteli aandikishwe polisi ndani ya saa 24, na mama mwenye nyumba alinisindikiza kituoni, akangoja foleni, akajibu maswali ambayo sikuyaelewa kwa sauti ambayo niliielewa. Majirani walikuwa na maneno. Aliyabeba hayo bila kunionyesha. Kwetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alininyima miezi miwili, na aliponiruhusu hatimaye kuosha vyombo, baba mkwe wake alicheka na kuniambia m'goi.

Huyo mzee alikuwa na Kiswahili chake. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa maelfu ya Wachina waliosafiri kwa meli kutoka Guangzhou hadi Dar es Salaam kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Yalimbakia maneno machache: maji, haraka, pole pole, hatari. Hakupenda hotuba kuhusu urafiki wa China na Afrika. Televisheni ilipozianza, aliondoka kwenda kumwagilia mimea. Jumamosi alinichukua kunywa chai, na huko chai maana yake ni meza nzima ya vyakula vidogo vya mvuke. Ukimiminiwa, humkatizi anayezungumza kwa kumshukuru: unagonga meza kidogo kwa vidole viwili. Wanasimulia kwamba desturi ilianza kwa mfalme Qianlong aliyesafiri kwa kujificha, akawamiminia chai watumishi wake, nao, wasiweze kupiga magoti, wakakunja vidole. Simulizi ni simulizi. Nilipomweleza kwamba chai kwetu ni pia jina la rushwa, alicheka hadi akagonga meza kwa ngumi.

Kwa nyumba hiyo, basi, neno ni m'goi, kwa maana yake ya asili: haikupasa. Kwa wanafunzi ni do je. Watu husema nilijitolea, na neno hilo linanitaja mimi tu kuwa mtoaji. Walionipa lugha yangu upya ni wao.

Ningeishia hapo kama si Aprili 2020. Nilikuwa nimesharejea nyumbani. Guangzhou, kwa hofu ya korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani, wengine wakafungiwa ndani hata kama hawakuwa wamesafiri. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliiandikia Wizara ya Mambo ya Nje ya China kulalamika. Rafiki zangu wa Dar es Salaam waliniuliza, na si kwa upole, kama bado nina hamu ya kuwasifu wenyeji wangu. Ninawasifu. Lakini tangu hapo siwezi kuushukuru mji, wala taifa, wala udugu wa mataifa mawili. Shukrani ya jumla hulazimika kunyamazia kitu. Yangu ina anwani, mlango na ghorofa.

Katika wiki hiyo nilipata ujumbe kwa Kiswahili kutoka kwa yule binti wa mizigo. "Shikamoo mwalimu. Kuna Wakenya wawili hapa, hawaruhusiwi kutoka. Nimepika wali. Nimeuacha mlangoni." Nilitazama ile u ya wali kwa muda. Nikamjibu asante, naye akajibu kama nilivyomfundisha: asante kushukuru. Siku mbili baadaye aliandika tena. Wali umekwisha, sasa wanaomba pilipili. Na je, pilipili iko ngeli gani?