Keki ya Karafuu Hadi Ngara

Akina mama wenzangu, mume wangu anafundisha Ngara, nami ni muuguzi Biharamulo. Mwezi uliopita tulikatiana simu kwa hasira kwa ajili ya ada ya mtoto. Siku nane hakuna aliyempigia mwenzake.

Siku yangu ya mapumziko nikawasha mkaa. Baba watoto hupenda keki ya kakao, ile inayolimwa Kyela. Nilitaka kuitia ua, lakini maua ya bustanini hayaliwi ovyo. Mengine, kama oleanda, yana sumu. Ua la kuliwa lipo dukani: karafuu. Ni tumba la mkarafuu, huchumwa Unguja na Pemba kabla halijachanua, likaanikwa juani. Nilitwanga tano tu kwa nusu kilo ya unga. Zikizidi, keki hunuka dawa ya jino! Nikaoka kwa sufuria, makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini.

Alfajiri nikapanda gari, keki mapajani. Tukapita Lusahunga na Nyakahura, tukafika Benaco, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Siku hizi ni malori yaendayo Rusumo. Katika kubadili gari hapo, keki ikapasuka katikati. Nusura nirudi nyumbani.

Alifungua mlango mikono ina chaki. Akanusa kifurushi.

"Karafuu?" akauliza. "Ingia, mama. Chai ipo. Ile ada nimeshalipa nusu."

Tuliila kwa vijiko, imevunjika vile vile, huku tukipiga hesabu ya nusu iliyobaki.